Mchanga Mweupe wa Mafia Haukuletwa na Mto

Tangu tuanze kampeni dhidi ya uchotaji wa mchanga na uchimbaji wa matumbawe kisiwani Mafia, jibu la wengi ni lile lile: bahari ndiyo iliyouleta mchanga huo kutoka mtoni, itauleta tena. Tunajua mwananchi anataka kujenga nyumba yake. Lakini jibu hilo si sahihi, na tumelisahihisha mara nyingi mno.

Mto Rufiji huteremsha mchanga na tope, na tope hilo hutanda upande wa magharibi wa Mafia, mkabala na delta ya mto huo. Ghuba ya Chole, mashariki, ni habari nyingine. Mchanga wa huko umetengenezwa na viumbe vya humo humo. Uoshe, uukaushe, ukamulie ndimu: utaona vipovu, kwa sababu ni chokaa. Mchanga mtupu wa mto hautoi vipovu.

Halimeda, mwani wa kijani wenye vipande vigumu vilivyopangana kama shanga, akifa hupukutika na vipande hivyo hubaki chini. Foraminifera, viumbe vya seli moja wanaoishi juu ya majani ya bahari, huacha magamba yao. Chaza na kome vivyo hivyo. Samaki aitwaye pono naye hutafuna jiwe la matumbawe akitafuta mwani, hulisaga kwa meno ya kooni, kisha hulitoa likiwa mchanga. Pono mmoja wa aina kubwa hutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Mawimbi huvusha chembe hizo juu ya mwamba wa matumbawe hadi ghubani, ambako majani ya bahari hupunguza kasi ya maji, mchanga ukatulia na mizizi ikaushika. Kwa hiyo anayekokota kokoro juu ya majani hayo anaharibu ufuko, hata kama hajagusa ndoo.

Mwamba wenyewe hupanda kwa milimita chache tu kwa mwaka. Tanuri moja la kuchomea matumbawe yawe chokaa humaliza ukuaji wa miaka mingapi kwa siku chache?

Sasa utaratibu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu, au zenye kuhatarisha mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mchanga wa ujenzi ni madini, hivyo mchimbaji anahitaji leseni ya Tume ya Madini. Barua ya kijiji si leseni, na leseni haiondoi zuio la mita 60. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, kuna pia kanuni za kila kanda: kwenye kanda za ulinzi mkali hakitolewi kitu, iwe jiwe, samaki au kombe. Mkosaji hukabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili.

Kabla ya kulipia tripu ya mchanga, mwombe muuzaji leseni na usome eneo lililoandikwa. Likiwa ni ufukweni, usipokee mzigo.