Giaboksi Ikilia, Sikiliza Kabla ya Kumwaga Oili

Mteja akiniletea gari la manyuali akasema, “Fundi, giaboksi inalia, nibadilishie oili,” siingii chini ya gari moja kwa moja. Nawasha injini, naiacha gia nyutro, nasikiliza. Oili nitaimwaga, na mara nyingi inakuwa imechoka kweli. Lakini ipo milio ambayo oili mpya huituliza, na ipo ambayo hakuna oili duniani itakayoiondoa, na ni haki ya mwenye gari kujua mapema wake ni upi.

Kipimo cha kwanza hakitaki spana. Injini ikiwaka, gia nyutro, mguu nje ya klachi, shafti inayopokea nguvu za injini inazunguka ndani ya giaboksi. Ukisikia mvumo, kanyaga klachi mpaka chini, usubiri sekunde mbili tatu. Shafti ile itasimama. Mvumo ukizimika pamoja nayo, washukiwa wakubwa ni beringi za ndani ya giaboksi. Ikiwa kinyume chake, yaani kimya mguu ukiwa nje, kisha kitu kinakwaruza au kupiga mluzi mara tu unapokanyaga, hiyo ni beringi ya klachi yenyewe. Beringi hiyo hailainishwi na oili ya giaboksi, ina grisi yake, kwa hiyo kumwaga oili kwa ajili yake ni kutupa pesa.

Mlio unaokuja gari likitembea unataka subira zaidi. Nalitoa barabarani na kupita gia moja moja. Likilia gia ya tatu pekee, kasoro iko kwenye gia hiyo. Likilia gia zote, nawaza beringi za shafti au difu, ile sehemu inayogawa nguvu kwa magurudumu. Magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, hasa yale ya gia tano, yana dalili nzuri sana: kelele ikiwepo gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, halafu ikapungua wazi ukiingiza ya nne, shafti ya chini, ile inayobeba nguvu kwenye gia nyingine, ndiyo mgonjwa. Kwa kawaida gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja, na shafti ya chini inazunguka bila mzigo.

Wengi huchanganya mlio huu na beringi ya gurudumu. Ya gurudumu hubadilika sauti unapokata usukani kushoto au kulia, wala haijali uko gia gani. Ya giaboksi hubadilika unapokanyaga na kuachia mafuta. Na mlio mkali wa rivasi usikutie hofu: kwenye giaboksi nyingi meno ya rivasi yamekatwa yakiwa yamenyooka, ndiyo maana huimba hivyo, wakati gia za mbele zimekatwa mshazari na hushikana kimya.

Sasa ile krrr ya wakati wa kuingiza gia. Watu hudhani ni meno ya gia yanasagana. Kwenye magari ya kisasa gia za mbele zimeshikana muda wote, hazitenganishwi. Unapovuta mkono wa gia, kinachosogea ni kola inayokwenda kuifunga gia kwenye shafti, na kabla haijafika, ringi ya sinkro, mara nyingi ya shaba, hubana kwenye koni ya gia ili vyote vizunguke kwa mwendo mmoja. Ringi hiyo ina mifereji myembamba ya kukamua oili itoke, maana inahitaji msuguano ili ifanye kazi. Ringi ikilika, au klachi isipoachia vizuri, kola hufika kabla ya mwendo kulingana, na ndipo unasikia krrr. Oili inayoteleza kupita kiasi nayo huleta krrr hiyohiyo ringi zikiwa nzima.

Hapa ndipo ninapowasihi watu waache kununua oili kwa mazoea. Kopo lina maandishi GL-4 au GL-5, yaani daraja la oili ya gia, na wengi huona tano ni bora kuliko nne. Sivyo. GL-5 ina dawa za kuhimili shinikizo, zenye salfa na fosforasi, karibu mara mbili ya GL-4. Ilikusudiwa difu, ambako meno hukwaruzana kwa nguvu kubwa. Kwenye giaboksi iliyoagizwa GL-4, inaweza kufanya sinkro ziteleze, na baadhi ya dawa hizo hula shaba joto likipanda. Lakini usigeuze hilo kuwa sheria ya magari yote: Subaru nyingi za manyuali huagiza GL-5, kwa kuwa difu ya mbele imo ndani ya giaboksi na zinatumia oili moja. Gari nyingine hutaka ATF, yaani oili ya giaboksi za otomatiki. Kitabu cha gari ndicho kinachoamua. Wala usidhani oili iliyoandikwa uzito wa 75W-90 ni nzito ajabu, kwani vipimo vya oili ya gia si vya oili ya injini. Ikishapata moto, hiyo 90 haiko mbali na oili ya injini ya 40 au 50.

Kazi yenyewe si ngumu. Endesha gari kidogo oili ipate uvuguvugu, liinue likae sawa juu ya stendi, si jeki peke yake. Kisha, tafadhali, fungua nati ya kujazia kwanza. Ukimwaga oili yote halafu nati ya kujazia ikagoma, una gari lisiloweza kutembea.

Oili inapotoka ndipo nafurahia kazi hii, maana inasema mengi. Naifuta kwa kidole sumaku ya nati ya kumwagia. Uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Chembe ninazozihisi kwa ncha ya kidole, au vipande vyenye kona, hapana: jino au beringi imeanza kumeguka. Kisha naishika oili kwenye jua. Ikimetameta kidhahabu, hiyo ni shaba ya ringi za sinkro, ambayo sumaku haiikamati. Ikiwa kama maziwa, maji yameingia. Ikitoka kidogo kuliko inavyotakiwa, natafuta sili inayovuja, na ninaisikiliza zaidi gia ya tano, kwa sababu kwenye giaboksi nyingi za magurudumu ya mbele gia hiyo imekaa pembeni kabisa na huwa miongoni mwa za kwanza kukosa oili.

Weka washa mpya ya nati, jaza mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, funga. Kuzidisha hakusaidii, oili hufanya povu na kusukuma sili.

Endesha siku chache. Gia zilizokuwa nzito asubuhi mara nyingi hulainika. Krrr ikibaki na klachi inaachia vizuri, ringi zimekwisha, ila unaweza kuendelea kwa muda ukibadilisha gia taratibu. Mvumo wa beringi ukibaki vilevile, usikubali fundi akuwekee oili nzito ili kuuficha. Giaboksi ifunguliwe mapema, kwa sababu beringi ikipasuka, vipande vyake huingia katikati ya gia, na hapo hutanunua beringi tena, utanunua giaboksi.