Mzee hajaishiwa sauti, anaghani

Juzi Jumamosi nilikuwa Leicester kwenye arusi ya watu wa nyumbani. Nimepiga magoti nyuma ya mitambo natafuta waya uliokuwa ukikoroma, shemeji yangu akaja kunisimamia kichwani na sahani ya pilau mkononi. Akawaambia wenzake: "Huyu shemeji ndiye aliyeniuzia mbuzi kwenye gunia. Kanituma kwenye onyesho la yule mwimbaji wa Kimarekani, Bob Dylan, nimelipa hela ya maana, mzee mwenyewe hana sauti kabisa. Nyimbo zake zote kazigeuza ili asiumbuke." Wenzake wakatikisa vichwa kwa huruma. Mmoja akasema wazee nao wajifunze kustaafu.

Nilinyamaza kwa sababu bibi arusi alikuwa anaingia. Lakini maneno hayo nimeshayasikia kwa kinyozi, kwenye treni, na kinachoniuma zaidi, kwa mafundi sauti wenzangu ambao kazi yao ni kusikiliza. Nina miaka 22 katika kazi hii, nilianza nikiwa kijana Tanga nabebea bendi spika, na sasa niko huku Uingereza. Nimechoka kunyamaza.

Tuanze na lalamiko lililo jepesi: "Hakupiga nyimbo zinazojulikana." Mabango ya ziara yalikuwa na jina la albamu, Rough and Rowdy Ways, na miaka yake, 2021 hadi 2024. Albamu ilitoka tarehe 19 Juni 2020, ya kwanza yenye nyimbo zake mwenyewe mpya tangu 2012, na hapa Uingereza ilishika namba moja akiwa na miaka 79. Ina nyimbo kumi. Nilipomwona kwenye ukumbi wa London Palladium, Oktoba 2022, alipiga tisa kati ya hizo. Uliyoona kwenye bango ndiyo uliyopewa. Hapo sina la kuongeza.

Halafu shemeji anasahau kwamba usiku wake yeye, kwenye ukumbi wa Royal Albert Hall, London, Novemba 2024, mzee alifungua na wimbo wa 1967 na kufuatisha wa 1964, nyimbo ambazo shemeji anazo kwenye simu yake na huziimba akiendesha gari. Zilipita mbele yake asizitambue. Kwa hiyo tatizo lake halikuwa nyimbo mpya. Tatizo lake lilikuwa mahadhi.

Na hapa ndipo ninapopandwa na damu, kwa sababu watu wameunganisha mambo mawili yasiyohusiana: mzee amezeeka, mzee anabadilisha mahadhi, basi anabadilisha kwa kuwa amezeeka. Tazameni miaka. Mwaka 1974 alizunguka Marekani na kundi la The Band, nyimbo alizoziimba taratibu miaka ya 60 akawa anazipigia kelele kama mtu anayeita daladala. Alikuwa na miaka 32. Mwaka 1978 akaenda Japani na bendi kubwa, saksafoni, filimbi, waitikiaji wa kike nyuma, nyimbo zilezile zikavaa nguo nyingine kabisa, na wapenzi wake wakalalamika. Alikuwa na miaka 36. Mwaka 1984 akaja Ulaya na wimbo wake mkubwa wa miaka ya 70 akiwa ameubadilisha hata maneno, beti kwa beti. Alikuwa na miaka 43. Mapafu yote mazima, koo zima, na bado anageuza. Rudini nyuma zaidi, Manchester, tarehe 17 Mei 1966: shabiki anamwita Yuda mbele ya ukumbi mzima kwa sababu amekuja na gitaa la umeme na bendi badala ya gitaa kavu walilomzoea nalo. Zilikuwa zimebaki siku saba atimize miaka 25! Watu wamekuwa wakimwambia ameharibu nyimbo zake tangu akiwa kijana ambaye hata ndevu hazijakomaa.

(Rekodi ya usiku ule wa Manchester ilizunguka miaka mingi mikononi mwa mashabiki ikiitwa ya Royal Albert Hall, mpaka ilipotolewa rasmi mwaka 1998. Mashabiki wa mtu huyu hukumbuka kila kitu, na mara nyingine hukumbuka vibaya.)

Sasa tuje kwenye sauti yenyewe, kwa sababu sitaki mtu aseme nimekwepa. Sauti imebadilika. Nyuzi za sauti hukauka na kupungua unene, kifua hukakamaa, pumzi huwa fupi, noti za juu huondoka kwanza. Mwimbaji wa miaka 80 hawezi kushikilia noti ndefu kama alivyoishikilia akiwa na 25, na akilazimisha itatetemeka. Dawa ya kwanza inajulikana na kila bendi: unashusha kii, yaani wimbo mzima unaupiga chini kidogo. Hakuna aibu ndani yake.

Vitabu vitakwambia kwamba uzeeni sauti ya mwanamume hupanda kidogo na ya mwanamke hushuka. Mimi nikikaa kwenye mitambo nasikia wazee wa kiume wakizidi kuwa wazito, na kwa muda mrefu nilidhani masikio yangu ndiyo mabovu. Siku hizi nafikiri sababu ni mbili, nazo haziko kooni. Wameshusha kii, na wanaikaribia maiki. Maiki nyingi za jukwaani zina tabia ya kuongeza masafa ya chini kila mdomo unavyosogea karibu. Mtu mwenye pumzi kidogo huisogelea maiki ili asikike bila kupaza, na papo hapo anapata kifua ambacho hana. Fundi mzuri hupunguza kidogo karibu na hezi 200, mahali pa ule unene, na kuinua karibu na hezi 3,000, mahali konsonanti zinapoishi. Fundi mbaya huacha ule unene kwa sababu unapendeza, na maneno yote yanazama kama mawe. Mshabiki anatoka akisema mzee anamung'unya. Mara ngapi aliyemung'unya alikuwa fundi?

Royal Albert Hall nayo ina mambo yake. Ni ukumbi wa 1871, wa umbo la yai, zaidi ya watu elfu tano, kuba juu. Mwangwi wake ulikuwa kero tangu siku ya kwanza, na mwaka 1969 wakaning'iniza dari zima vile visahani vikubwa wanavyoviita uyoga ili kuupunguza. Umepungua, haujaisha. Bendi inayopiga gitaa na mwimbaji anayevuta irabu ndefu watasikika vizuri mle. Mtu anayetupa maneno mengi kwa haraka, mafupi mafupi, kisha ananyamaza, mwangwi wa neno la kwanza unalikuta la tatu. Shemeji alikaa juu kabisa. Mimi Palladium, ukumbi wa watu kama elfu mbili na mia mbili hivi, niliketi safu ya katikati na nilisikia kila silabi. Mtu yuleyule, piano ileile, simu zimefungiwa kwenye vifuko mlangoni ili tusirekodi, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilikuwa kwenye ukumbi ambao watu wote walikuwa kimya kwa pamoja. Hilo ningependa liigwe.

Nisikilizeni kwa makini hapa, maana ndilo linalonikera kuliko yote. "Haimbi, anaongea tu." Waingereza nawaelewa wakisema hivyo, lugha yao ina kuimba na kuongea, katikati hakuna neno wanalolitumia kila siku. Lakini wewe Mswahili! Wewe mwenye neno kughani! Babu yangu Tanga alikuwa anaalikwa kwenye maulidi na misiba kughani tenzi, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumwambia babu hana sauti. Sauti yake ilikuwa kavu, yenye mikwaruzo, haikupanda wala kushuka zaidi ya noti nne au tano. Watu walimfuata kutoka Pangani. Walifuata jinsi alivyouning'iniza mstari, akakaa kimya kabla ya kituo, mpaka wote mnajua kina gani kinakuja na bado mnakingoja. Alipokipa, wanawake walipumua.

Hicho ndicho anachofanya Dylan sasa. Msikilizeni kwenye ile albamu, hasa wimbo wa mwisho, karibu dakika 17 juu ya kuuawa kwa Rais Kennedy mwaka 1963. Ngoma karibu hakuna, piano inatembea tu, fidla inavuta moshi nyuma yake. Anaghani. Mizani anaibana na kuilegeza, kina anakiweka pale pale kilipotakiwa. Wimbo huo ndio uliompa namba moja yake ya kwanza kwenye chati yoyote ya nyimbo ya jarida la Billboard la Marekani akiwa mwimbaji. Mtu aliyeishiwa sauti asingeweza kukushika dakika 17 kwa noti chache hivyo.

Na kwenye jukwaa kuna kitu kingine ambacho mafundi wenzangu wanapaswa kukisikia: anaingia nyuma ya pigo. Bendi inapiga moja, yeye hayupo. Inapiga mbili, bado hayupo. Halafu mstari mzima unaingizwa ndani ya nafasi iliyobaki na unamalizika sawasawa na wao. Asiyezoea anadhani amesahau maneno. Lakini mtazameni mpiga besi wake, Tony Garnier, aliyekuwa naye tangu 1989. Macho hayatoki kwenye mabega ya mzee. Mtu aliyepotea hafuatwi hivyo na bendi nzima, tena kila usiku. Wapenzi wa muziki wa dansi mnaijua hali hii: mwimbaji anayemwachia mpiga rithimu nafasi kisha akaingia amechelewa kwa makusudi, ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Kwetu tunasema anaujua wimbo. Kwa Dylan tunasema amezeeka.

Nitawapa ushahidi mmoja zaidi. Kuanzia karibu 2009 mpaka 2012 sauti yake kwenye rekodi ilikuwa mbaya kweli, inakwaruza kama bati linaloburutwa. Hata mimi nilisema basi, imekwisha. Kisha mwaka 2015 akatoa Shadows in the Night, nyimbo za zamani zilizowahi kuimbwa na Frank Sinatra. Zilirekodiwa studio za Capitol, Hollywood, na fundi sauti Al Schmitt, bendi na mwimbaji chumba kimoja, bila vipokea sauti masikioni, bila kupachika sauti baadaye. Alikuwa na miaka 73 na sauti ilikuwa safi kuliko miaka sita nyuma. Akaongeza nyingine 2016, na 2017 diski tatu kwa mpigo. Nyimbo zile hazikuruhusu kukwaruza. Zilimdai anyooshe noti, na akanyoosha. Baada ya darasa hilo ndipo ikaja albamu ya 2020. Kwa hiyo ule mkwaruzo ulikuwa nini? Majeraha ya ziara zisizokwisha tangu 1988, au uamuzi wa mtu aliyetaka nyimbo zile ziwe na vumbi? Nikiwa na rekodi peke yake siwezi kutofautisha, na fundi anayekwambia anaweza, muulize anawezaje.

Hata kwetu tumewahi kuwa na hekima hii. Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005 akiwa bibi kizee, na watu walisafiri kutoka mabara mengine kwenda Zanzibar kuifuata sauti ile ile iliyochubuka. Hakuna aliyemwambia atafute kii ya ujana wake.

Yote haya nilimwambia shemeji usiku ule Leicester, baada ya watu kuondoka, tukikunja nyaya. Alinisikiliza vizuri, mpaka akachukua upande wa pili wa waya mrefu. Kisha akaniuliza: "Shemeji, lile bendi la leo, yule mzee aliyeimba wimbo wa pili akachelewa kuingia. Ulimshushia sauti. Nilikuona."

Ni kweli nilimshushia. Mzee wa watu, miaka sabini na kitu, aliingia nyuma ya pigo mara mbili, na mkono wangu ulikwenda kwenye kitufe kabla sijafikiri. Sikungoja kuona kama atamaliza sawasawa na bendi. Kama angekuwa na jina kubwa ningengoja, na ningekaa hapa kuwaeleza ufundi wake. Tangu Jumamosi nimekuwa nikiisikiliza rekodi ya arusi ile. Ule mstari wa pili, nikiurudisha polepole, anaumaliza juu ya pigo kabisa. Sauti tu ndiyo haisikiki vizuri, kwa sababu mimi nilikuwa nimeishusha.