Bodi ya faiba hairudishi umeme: kutafuta hitilafu katika gari lililoundwa uani

Katikati ya mwezi wa nane mwaka jana, mwalimu mmoja mstaafu anayeishi Ilemela alilivutisha gari lake kwa kamba hadi gereji ninakofanyia kazi, hapa Nyakato, akiwa amelinunua wiki tatu tu kabla ya hapo kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama Mwanza. Lilikuwa gari dogo lisilo na milango wala paa, bodi yake ya faiba imepakwa rangi ya chungwa, na injini imekaa wazi nyuma kama ya mashine ya kusaga. Vijana wa gereji waliacha kazi zao wakaja kulitazama. Nami nilifurahi kuliona, maana magari ya aina hiyo niliyowahi kuyashika kabla ya hapo hayazidi mawili, ingawa furaha ilipungua nilipoinua kifuniko cha mbele nikakuta nyaya zote, bila kusaza hata mmoja, ni nyekundu.

Gari la namna hii halitoki kiwandani likiwa zima. Mtu hununua bodi na vipande vyake, hutafuta gari kuukuu la kutolea injini, giaboksi na chesisi, kisha huviunganisha mwenyewe uani kwake. Umbo la gari la Mwalimu asili yake ni California, ambako Bruce Meyers, mtu aliyekuwa na uzoefu wa kuunda boti za faiba, alitengeneza gari lake la kwanza la kupita mchangani mwaka 1964. Muda si mrefu magari hayo yakawa yanajengwa juu ya chesisi ya Volkswagen Beetle iliyokatwa na kufupishwa kwa takriban sentimita 36. Kwa fundi, jambo hilo lina maana moja kubwa. Injini, giaboksi na breki zinafuata vipimo vya Volkswagen vinavyojulikana, lakini kila kitu kinachoviunganisha na bodi, yaani nyaya, mabomba, kebo na tanki, kiliamuliwa na mtu mmoja ambaye huwezi kumpigia simu. Kwa hiyo mimi huanza kutafuta hitilafu pale kazi ya kiwanda inapokutana na kazi ya uani, kwa sababu mara nyingi ndipo zinapokaa.

Mwalimu alikuwa ameandika malalamiko yake kwenye daftari, kwa mwandiko wa ubaoni, na ningependa wateja wote wafanye hivyo. Akikanyaga breki, taa za breki haziwaki, bali taa ndogo za mbele na ile ya dashibodi huwaka hafifu hata kama swichi ya taa imezimwa. Stata huzunguka vizuri asubuhi, lakini injini ikishapata moto hulia "tik" na kunyamaza. Kebo ya mafuta, ile inayotoka kwenye pedali ya mafuta kwenda kwenye kabureta, ilikuwa imeshabadilishwa mara mbili ndani ya wiki tatu na bado ilikuwa inakwama. Na kila akipandisha kuelekea Kisesa, baada ya kama dakika ishirini injini huzimika, hukaa robo saa, kisha huwaka kana kwamba haikuwa na tatizo. Fundi wa kwanza alikuwa ameshamwuzia betri mpya na koili mpya. Simlaumu sana, dalili hizo zikitazamwa moja moja, kila moja inaelekeza kwenye kifaa cha kununua.

Siku ya kwanza sikuwasha injini kabisa. Gari ambalo hulijui huanza kukaguliwa breki, usukani na njia ya petroli, na katika injini hii ya Volkswagen bomba la petroli lina hatari yake ya pekee, kwa sababu mpira unaotoka kwenye pampu kwenda kwenye kabureta hupita karibu na distributa, na ukichomoka au ukipasuka, petroli humwagikia mahali penye cheche. Nilikuta mpira umekauka na hauna hata klipu moja. Niliuweka mpya wenye klipu pande zote mbili kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Breki zilikuwa nzima kuliko nilivyotarajia.

Kisha nikaja kwenye nyaya. Mtengenezaji alikuwa ametumia waya wa umeme wa nyumba, ule wenye uzi mmoja mnene wa shaba, ambao hufaa ukutani kwa sababu ukuta hautikisiki. Ndani ya gari waya huo huchoka kwa mtikisiko na kukatikia ndani ya gamba lake, kiasi kwamba ukiutazama kwa nje unauona mzima. Nilikata vipande vya gundi ya karatasi, nikavipa namba, nikafuata waya mmoja mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho huku nikichora ramani yangu kwenye kurasa za mwisho za daftari la Mwalimu. Kazi hiyo ilichukua siku moja na nusu, na kijana mmoja aliniuliza kwa nini tusing'oe zote tukafunga mpya. Jibu langu ni kwamba ukifumua mfumo ambao hujauelewa, unapoteza ushahidi pamoja na hitilafu, na ukishafunga upya hujui kama umeponya au umeficha.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu hitilafu nyingi za umeme katika magari ya faiba zina chanzo kimoja. Katika gari la kawaida la bati, ncha hasi ya betri hufungwa kwenye bodi, na tangu hapo kila taa hupelekewa waya mmoja tu wa kuiletea umeme. Njia ya kurudi ni bati lenyewe. Tumezoea hivyo hadi tunasahau kwamba kuna safari ya kurudi. Faiba haipitishi umeme. Taa iliyofungwa kwenye faiba bila waya wake wa kurudi ni sawa na mtumbwi uliovuka kwenda Ukerewe ukaondolewa kasia. Lakini umeme una tabia ambayo mtumbwi hauna: njia ikifungwa, hutafuta nyingine, hata kama ni kupitia katika taa ambayo haikuhusika.

Taa mbili za nyuma za Mwalimu zilikuwa zimeshirikishwa waya mmoja wa kurudi, na waya huo ulikuwa umekatikia ndani ya gamba. Alipokanyaga breki, umeme uliingia kwenye balbu za breki, ambazo ni za wati 21, ukafika kwenye kitako cha taa, ukakosa njia. Katika kitako hichohicho imo pia balbu ya taa ndogo ya wati 5. Umeme ukapita ndani ya balbu hiyo kinyumenyume, ukaingia kwenye waya wa taa ndogo, ukasafiri hadi mbele, na huko ukazikuta taa ndogo za mbele na ya dashibodi ambazo waya wao wa kurudi ulikuwa mzima. Ndipo zikawaka hafifu. Balbu za breki zenyewe hazikuwaka kwa sababu mkondo uliobanwa na balbu ndogo haukutosha kuzipasha moto. Kwa hiyo taa isiyotarajiwa ikiwaka pale unapowasha nyingine, usianze na swichi. Nenda kwenye njia ya kurudi ya ile uliyoiwasha.

Kupima ni rahisi, mradi upime wakati kifaa kinafanya kazi. Weka waya mweusi wa kipimo cha volti kwenye ncha hasi ya betri yenyewe, gusa kitako cha taa kwa waya mwekundu, kisha mtu akanyage breki. Njia nzima ya kurudi haitaonyesha zaidi ya sehemu ndogo ya volti, na mimi ikizidi 0.2 naanza kutafuta. Kwa Mwalimu nilisoma karibu volti 12, maana yake kitako kizima kilikuwa upande chanya. Wengi hupima kwa mlio, kipimo kikilia wanaridhika. Waya uliobaki na mguso mdogo tu utalia vizuri, kwa sababu kipimo hupitisha mkondo mdogo mno, lakini ukiupa mzigo wa taa unashindwa.

Nilipofunga waya wa kurudi kutoka kila taa hadi kwenye boliti moja iliyokwanguliwa rangi kwenye chesisi, tatizo la taa liliisha. Hapo nilijiuliza: mtu aliyezembea njia ya kurudi ya taa za nyuma, je, kwenye stata aliikumbuka? Injini na giaboksi za Volkswagen hukaa juu ya mipira, nayo mipira haipitishi umeme. Kiwanda hufunga mkanda wa shaba iliyosukwa kati ya giaboksi na chesisi ili umeme mkubwa wa stata urudi. Nililala chini ya gari na taa mkononi, na mkanda haukuwapo. Boliti yake ilikuwapo, imepakwa rangi nyeusi nzuri kabisa.

Sasa fikiria umeme wa stata, ambao ni mamia ya ampea, unarudi kupitia wapi. Unarudi kupitia chuma chochote kinachounganisha injini na chesisi, na hapo vilivyobaki ni kebo ya klachi na kebo ya mafuta. Kila Mwalimu alipowasha gari, kebo hizo nyembamba zilipata moto kama koili ya jiko la umeme, grisi ikaungua, nyuzi zikashikana na bomba lake. Ndiyo sababu kebo ya mafuta ilikwama, ikabadilishwa, ikakwama tena. Nilipima kati ya injini na ncha hasi ya betri wakati stata inazunguka, nikasoma volti 2.6 zinazopotea njiani. Inatakiwa isizidi 0.5. Nilikwangua ile rangi, nikafunga mkanda mpya mnene, na kipimo kikashuka hadi 0.15. Tangu siku hiyo stata huzunguka hata injini ikiwa na moto, na kebo ya tatu haijakwama.

"Kwa hiyo fundi, betri yangu ya zamani ilikuwa nzima?" Mwalimu aliniuliza. Nilimjibu kwamba huenda ilikuwa nzima, naye akanyamaza kidogo, akihesabu, nadhani.

Kuzimika kwa njia ya Kisesa kulikuwa na hadithi tofauti, na kwa kweli ningeupata ufumbuzi haraka zaidi kama ningekuwa mvuvi. Mtengenezaji hakutumia tanki la Volkswagen. Alifunga mbele tanki la plastiki la injini ya boti. Watu wa Mwaloni, soko la samaki la hapa Mwanza, wanajua kwamba kifuniko cha tanki hilo kina skrubu ndogo ya kupitishia hewa, ambayo hufunguliwa kabla ya kuwasha injini na kufungwa wakati wa kusafirisha tanki. Mwalimu, kwa kuchukizwa na harufu ya petroli, alikuwa ameikaza vizuri. Pampu ilivuta petroli, hewa haikuingia kushika nafasi yake, na baada ya muda mvuto ndani ya tanki ulishinda nguvu ya pampu. Injini ikizimika, hewa hupenya polepole, na baada ya robo saa inawaka. Ushahidi ulikuwa mbele ya macho yetu wote, kwa sababu ubavu wa tanki ulikuwa umebonyea ndani. Niliunga bomba jembamba la kupitishia hewa, nikalipeleka chini ya bodi mbali na injini na mbali na pua ya Mwalimu.

Jambo la mwisho nililomweleza ni taa nyekundu ya chaji. Katika injini hii isiyotumia maji, mkanda mmoja huzungusha dinamo pamoja na feni inayopoza silinda, kwa hiyo taa hiyo ikiwaka ghafla barabarani huenda mkanda umekatika, na kuendelea hata kilomita chache ni kuiua injini.  Mwalimu lazima asimame.

Bado gia ya kurudi nyuma inaingia kwa shida. Chesisi ilipofupishwa, fimbo ya gia nayo ilikatwa na kuunganishwa kwa kulehemu, na nikiitazama kwa ncha moja naona imepinda kidogo kuelekea kulia. Tumekubaliana ailete tena baada ya mvua za vuli, na kwa sasa anaegesha mahali ambapo atatoka kwa kwenda mbele.