Amana ya ardhi ya jamii ni nini?

Mtu wa Pwani au wa Unguja nusu ya dhana hii tayari anayo. Kiwanja kikishawekwa wakfu hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi zawadi. Kinabaki cha msikiti, cha madrasa au cha maskini, na mapato yake huenda huko huko miaka nenda miaka rudi. Zanzibar, taasisi inayosimamia mali za namna hiyo huitwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Amana ya ardhi ya jamii inakaribiana na hapo, ila wanaoiweka na kuisimamia ni wakazi wa mtaa wenyewe.

Ni chombo kilichosajiliwa, kisichofanya biashara ya faida, kinachomiliki ardhi kwa niaba ya watu wa eneo fulani na kuishikilia daima. Mkazi anamiliki nyumba yake. Ardhi iliyo chini ya nyumba anaikodi kwa mkataba mrefu, Marekani kwa kawaida miaka 99, ambao watoto wake wanaweza kuurithi. Unafuu wote unatoka hapo. Mjini bati linachakaa na ukuta unapasuka. Kinachopanda bei ni kiwanja, na kiwanja kimeshatolewa sokoni.

Je, siku ya kuuza? Katika amana ya Burlington, jimbo la Vermont, iliyoanza mwaka 1984, muuzaji hurudishiwa alicholipa na huongezewa robo ya thamani iliyopanda. Nyumba ikipanda kwa dola 40,000, anaondoka na 10,000 za nyongeza. Zinazobaki hazimwendei mtu: zinabaki ndani ya nyumba, ili familia inayofuata yenye kipato kama chake nayo iweze kununua. Wapo wanaoona muuzaji anadhulumiwa. Mimi naona ndiyo sehemu ya haki kuliko zote, kwa kuwa yeye naye aliingia kwa bei nafuu kutokana na aliyemtangulia.

Watu wengi huishia kwenye nyumba. Lakini mtaa haukaliki kwa vyumba vya kulala tu. Mama anayefungua kituo cha kulelea watoto wachanga analipwa na akina mama wenzake, wauza mboga na wafanyakazi wa viwandani. Hawezi kuwapandishia ada, na bila ada kubwa hawezi kushindana na baa au duka la jumla kwenye kodi ya fremu. Ndiyo maana watoto hujazwa kwenye chumba kimoja cha bati kisicho na ua. Bustani ya mboga ndiyo hali yake mbaya zaidi, maana kwenye hesabu za soko tuta la sukuma wiki halitashinda ghorofa hata siku moja. Mwenye ardhi akiwa ni amana, wakazi wanaweza kuketi na kusema: kona hii ni ya watoto, kile kiwanja cha bondeni ni cha kulima, na kodi iwe ile wanayoimudu.

Mfano ninaoupenda uko Roxbury, mjini Boston. Kufikia mapema miaka ya 1980, eneo la Dudley Street lilikuwa limejaa viwanja vitupu. Baadhi ya wenye nyumba walikuwa wamezichoma moto ili walipwe bima, na watu wa nje wakageuza palipobaki jaa la takataka. Mwaka 1984 wakazi waliunda umoja wao. Baada ya hapo viti vya bodi viligawanywa sawa kwa sawa kati ya Wamarekani weusi, watu wa Cape Verde, Walatino na Wazungu, bila kuangalia nani ni wengi. Mwaka 1988 mji uliwapa jambo lisilowahi kupewa kikundi cha wakazi nchini humo: mamlaka ya kutwaa viwanja vilivyotelekezwa, kwa kulipa fidia. Leo juu ya ardhi ya amana yao zipo nyumba zaidi ya 200, shamba la mboga, viwanja vya kuchezea watoto, na kitalu nyumba kilichojengwa mahali palipokuwa gereji.

Hapa watu huchanganya amana na ushirika wa nyumba. Wanaushirika wanaweza kupiga kura siku moja, wakauza kila kitu na kugawana. Amana imefungiwa mlango huo. Katika muundo uliozoeleka, theluthi moja ya bodi ni wanaoishi kwenye ardhi hiyo, theluthi ni majirani, na theluthi ni watu wa taasisi za umma na wataalamu, ili kundi moja lisijigeuze mwenye mali.

Kenya wazo hili lilifika mapema miaka ya 1990, mjini Voi, kwenye mtaa unaoitwa Tanzania-Bondeni. Mradi wa serikali uliosaidiwa na Wajerumani uliwapa wakazi nafasi ya kuchagua, nao wakakataa hati za mtu mmoja mmoja. Walijua zikitoka tu, wenye fedha watazinunua na maskini watahama tena. Sheria haikuwa na chombo cha namna hiyo, ikabidi waunganishe viwili: chama cha wanachama, na amana inayoshika ardhi.

Mlango mmoja unabaki wazi, nao ni deni. Amana ya kwanza Marekani, New Communities, ilianzishwa Georgia mwaka 1969 na wakulima weusi na wanaharakati, akiwemo Charles Sherrod na mkewe Shirley, juu ya ekari zaidi ya 5,700. Ukame ulipokuja, mkopo wa dharura wa serikali ulicheleweshwa kwao huku majirani Wazungu wakipewa. Ardhi ilikuwa rehani, na mwaka 1985 ikapotea. Mwaka 2009 madai yao ya ubaguzi yalikubaliwa na wakalipwa fidia ya dola milioni 12. Mwaka 2011 walinunua shamba jingine karibu na Albany, lenye ekari kama 1,600, ambalo zamani lilikuwa la tajiri mmiliki wa watumwa.