Matone ya kiyoyozi kwenye ekzosi hayalipui gari

Joto likipanda, ujumbe huu hurudi kwenye magrupu: eti ukiona matone chini ya gari huku kiyoyozi kimewashwa, hiyo ni gesi inavuja, na ikidondokea ekzosi ya moto gari litalipuka. Si kweli.

Yale ni maji tu. Hewa yenye unyevu ikigusa kipoza kilicho nyuma ya dashibodi huacha maji, kama chupa ya soda ya baridi inavyolowa nje ikikaa mezani. Maji hayo hutoka kwa mpira mdogo, mara nyingi upande wa abiria. Kwa unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa, gari likisimama linaunguruma huacha kidimbwi kabisa. Gesi yenyewe haidondoki hivyo: R-134a, inayotumika kwenye magari mengi, huchemka kwenye nyuzi -26 za Selsiasi, kwa hiyo ikivuja hupotea hewani.

Kinachotisha watu ni ule mvuke na sauti ya "chsss" tone linapogusa bomba. Lakini bomba hilohilo hurushiwa maji ya madimbwi masika nzima.

Ujumbe ukikufikia, usiusambaze. Tandika karatasi nyeupe chini ya gari. Maji yasiyo na rangi wala harufu ni ya kiyoyozi. Ya kijani au waridi, yenye utelezi, ni ya rejeta. Doa la kahawia au jeusi ni oili, na hiyo ikidondokea ekzosi ndiyo ya kumkimbilia fundi. Mvuke ukikukera, mwambie fundi aurefushe kidogo ule mpira wa maji ya kiyoyozi.