Je, wajua kwa nini ikisiri, yaani muhtasari ulio mwanzoni, haitoshi kukufanya uiamini makala ya kitaaluma?

Mwaka 2015 vyombo vya habari vya nchi kadhaa vilitangaza kwamba chokoleti nyeusi husaidia kupunguza uzito. Havikubuni. Vilinukuu makala ya kitaaluma iliyochapishwa kwenye jarida, yenye ikisiri na marejeleo yake. Baadaye John Bohannon, mwanahabari wa sayansi aliyehusika kuiandika, akatoboa siri: utafiti ulifanywa dhaifu makusudi, waone nani angeushtukia. Jaribio lilifanyika kweli huko Ujerumani, ila “taasisi” iliyotajwa ilikuwa tovuti tupu.

Udhaifu ulikuwa kwenye mbinu, yaani namna utafiti ulivyofanywa, sehemu ambayo wengi wetu huiruka. Washiriki waliofika mwisho walikuwa 15, wakagawanywa makundi matatu, kwa wiki tatu. Yaani watu kama watano kila kundi! Uzito wa mtu hupanda na kushuka wenyewe kwa sababu ya maji tu mwilini. Watu watano hawatoshi kuuzima mtikisiko huo.

Halafu vipimo. Walipima mambo 18: uzito, kolesteroli, sodiamu, ubora wa usingizi na kadhalika. Kwa desturi, matokeo huhesabiwa kuwa ya maana ikiwa uwezekano wa bahati nasibu kuyazaa ni chini ya asilimia 5. Sawa, kwa kipimo kimoja. Ukipima mambo 18 yasiyotegemeana, uwezekano wa angalau moja “kufaulu” kwa bahati tu unafika kama asilimia 60. Kilichofaulu ndicho kikapewa kichwa cha habari, vingine vikanyamaziwa. Ndiyo maana mimi huanza na mbinu: nani walichunguzwa, wangapi, walilinganishwa na nani, na je, kilichopimwa kiliamuliwa kabla ya data kuonekana?

Idadi ndogo si kosa kila mara. Mahojiano ya kina na watu 12 yanaweza kueleza vizuri kwa nini watu hao waliacha masomo; kosa ni hitimisho linaposema “wanafunzi” kwa ujumla. Soma mbinu na hitimisho sambamba uone kama maneno yamepanda cheo njiani. “Vinahusiana” hugeuka “husababisha” bila aibu.

Asilimia nazo zina ujanja wake. Mwaka 1995 Waingereza walionywa kwamba aina fulani za vidonge vya uzazi wa mpango huongeza maradufu hatari ya damu kuganda. Kweli, lakini kutoka takriban mwanamke 1 hadi 2 kati ya 7,000. Wengi waliacha vidonge kwa hofu. Ukiona “maradufu”, tafuta ilikuwa ngapi mwanzo.

Nani alifadhili? Angalia, kisha uendelee. Ufadhili hautoshi kuukataa utafiti.

Je, jina la jarida si kinga? Kwa kiasi tu. Mwaka 2013 Bohannon huyohuyo alituma makala bandia, yenye makosa ya wazi, kwa majarida 304, na 157 yakaikubali. Hata jarida kubwa huteleza: The Lancet lilichapisha mwaka 1998 makala ya daktari Andrew Wakefield kuhusu watoto 12, iliyodokeza uhusiano wa chanjo ya surua na usonji, likaja kuifuta 2010. Na si lazima pawe na udanganyifu. Watafiti waliporudia tafiti 100 za saikolojia na kutoa ripoti mwaka 2015, matokeo ya maana yalijitokeza tena katika asilimia 36 tu ya marudio hayo.

Kwa hiyo tafuta kama kuna waliorudia. Pia, kabla ya kunukuu, fungua makala kwenye tovuti ya jarida lenyewe. Iliyofutwa kwa kawaida hubaki palepale ikiwa na tangazo la kufutwa, ila nakala uliyotumiwa kwenye simu huenda ilipakuliwa kabla ya tangazo hilo.