"Amekaa mwaka mzima bila dume, yuko safi": ukweli kuhusu baba wa watoto wa nyoka

Karibu kila mzozo wa ukoo katika ufugaji wa nyoka huanza na kauli hiyo, yaani kwamba jike hana tena mbegu za dume wa zamani. Mnunuzi amelea watoto aliouziwa kama wabebaji wa jeni fulani (wanayo, ila haionekani kwao), amewapandisha, na jeni haionekani popote. Mfugaji anaapa kwa daftari lake. Mara nyingi daftari ni sahihi kabisa: jike alipandwa na dume aliyeandikwa, siku iliyoandikwa. Kosa ni kudhani kwamba dume wa zamani alipoondolewa kwenye tangi, mbegu zake ziliondoka naye.

Haziondoki. Sehemu ya mbele ya mrija wa mayai wa jike, karibu na faneli inayopokea kiini kinapotoka kwenye ovari, ina vijifuko vidogo ndani ya mikunjo ya ukuta wake. Mbegu hukaa humo zikiwa hai, zikingoja viini vishuke. Muda hutofautiana kwa spishi na kwa jike mmoja mmoja, lakini usiufikirie kwa wiki. Jike wa Crotalus adamanteus, nyoka mwenye kayamba mkiani, alizaa baada ya kutengwa na madume kwa miaka 5, na uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba watoto walikuwa na baba. Kwa jamaa yake Crotalus atrox imeripotiwa karibu miaka 6. Hiyo ni mipaka ya juu, si kawaida ya kila jike. Lakini ukiwa na mfano wa miaka 5 mbele yako, kuita miezi 12 "usafi" ni kubahatisha kwa fedha ya mtu mwingine.

Tena mbegu za dume mpya hazifukuzi za mwenzake. Zinachanganyika, na mkupuo mmoja wa mayai unaweza kuwa na baba wawili au zaidi. Hili limethibitishwa kwa Thamnophis sirtalis, kwa Vipera berus na kwa spishi nyingine nyingi. Anayesema "dume wa mwisho ndiye baba" hana kanuni ya kusimamia, na anayemtetea wa kwanza pia hana.

Kwa hiyo jike mzima uliyemnunua mhesabu kuwa amepandwa, hata muuzaji akikana. Mkupuo wake wa kwanza kwako andika "baba hajathibitika" na uuze kwa maneno hayo hayo. Kumpumzisha msimu mmoja hupunguza uwezekano, hakuthibitishi kitu. Ukitaka ukoo usio na shaka, lea jike peke yake tangu utotoni na umpe dume mmoja tu. Hakuna njia ya mkato ya bei nafuu kuliko hiyo.

Rangi husaidia, ila kwa upande mmoja tu. Chukua jike albino aliyewahi kuwa na dume wa kawaida, kisha ukampa dume albino wa jeni fiche ileile (jeni inayoonekana tu mtoto akiipata kwa wazazi wote wawili). Mtoto yeyote mwenye rangi ya kawaida si wa huyo albino. Je, albino waliobaki ni wake? Si lazima. Dume wa kawaida akiwa mbebaji wa jeni hiyo, takriban nusu ya watoto wake kwa jike huyo watatoka albino na kujificha humo humo. Na kabla ya kumshutumu mtu, hakikisha albino wako wawili ni wa jeni moja. Zipo aina tofauti za ualbino ambazo zikikutana huzaa watoto wa rangi ya kawaida.

Penye shaka inayogusa mauzo, pima vinasaba. Gamba lililovuliwa linatosha. Weka kila mtoto kwenye boksi lake kabla hajajivua mara ya kwanza, yaani ndani ya siku chache baada ya kuanguliwa, la sivyo magamba yatachanganyika. Kausha gamba kabisa, tia kwenye bahasha ya karatasi, moja kwa kila nyoka, andika jina na tarehe. Plastiki hushika unyevu, ukungu unaingia na sampuli inaharibika. Peleka mama, watoto, na kila dume anayewezekana. Madume wakiwa ndugu, iambie maabara mapema kwa sababu alama nyingi zaidi za vinasaba zitahitajika. Na hili nalisisitiza kuliko yote: hifadhi gamba la kila dume kabla hujamuuza. Dume aliyekwisha kwenda bila kuacha gamba ndiye anayefunga kesi nyingi bila jibu.

Zipo kauli nyingine utakazozisikia. "Akijivua gamba au akitaga, mbegu zote hutoka." Gamba ni ngozi ya nje, halina uhusiano na mirija. Na kutaga hakuisafishi: nyoka wa mahindi (Pantherophis guttatus) aliyepandwa msimu huo huweza kutaga mkupuo wa pili wenye rutuba bila dume kumgusa tena.

"Ametaga bila dume, basi ni uzazi wa jike peke yake." Uzazi huo upo, ila una dalili zake. Mayai mengi huwa viza, watoto ni wachache, wote wa jinsia moja: majike kwa chatu na boa, madume kwa nyoka wa jamii ya Pantherophis na kwa vipiri. Hawawezi kuwa na jeni ambayo mama hana. Mkupuo wenye madume na majike, au wenye rangi ya jeni tawala (inayoonekana hata ikitoka kwa mzazi mmoja) isiyo ya mama, una baba.

"Sikuwaona wakipandana." Hushikana saa chache, mara nyingi usiku. Usiku mmoja pamoja unatosha.

"Ni ndugu, bado wadogo, wakae pamoja." Dume wa chatu Python regius huweza kupandisha akiwa na gramu 600 hivi, wakati dada yake hajakaribia gramu 1,500 za kutaga. Watenganishe kabla ya mlo wa kwanza, na uandike tarehe hiyo kwenye kadi ya jike, kwa kuwa mnunuzi makini ataiuliza kabla ya kuuliza bei.